Kisumu kwa Treni, kwa Mpango Wangu

Jumamosi, 2 Agosti

Leo nimetamka neno ambalo sikujua nitalitamka. Tena mbele ya watu!

Ilikuwa hivi. Shemeji Tobia, kaka yake mke wangu Esteria, amenunua gari aina ya Noah. Kaileta uani kwetu tuione. Imeoshwa mpaka inatisha. Akapiga honi. Hakukuwa na mtu wala mbuzi mbele yake, alipiga tu. Kisha akatangaza kwamba kwa kuwa mimi na Esteria tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa mwezi huu, yeye na mkewe Eliza watatupeleka Kenya. Mombasa, Nairobi, mpaka Kisumu, kwa Secilia, dada yake yeye na Esteria, aliyeolewa huko na anayetaka kutufanyia sherehe. Safari yote kwa gari lake. Majirani wakapiga makofi. Esteria naye!

Nikasimama. Nikasema, "Sisi tutakwenda kwa treni."

Tobia akauliza treni gani. Nikamjibu kwamba watu wastaarabu dunia nzima wanatembelea miji kwa treni, gari ni la kubebea kabichi. Sijui niliyatoa wapi.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Nikipanda gari, nyongo nayo inapanda. Na mtu mwenye tumbo kama langu kazaliwa Lushoto, ambako huwezi kwenda popote bila kushuka kona za Mombo! Miaka yote nimemwambia Esteria ni malaria. Kila nikishuka Mombo, malaria. Tobia akijua ukweli, ataucheka hadi kwenye mazishi yangu.

Jumapili, 3 Agosti

Nilitegemea Esteria ataipinga treni, nikubali kwa huzuni, tubaki nyumbani. Mpango mzuri. Haukufanya kazi.

Tulipotoka kanisani alinishika mkono, jambo ambalo halifanyi njiani. Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto kule Mgwashi, marehemu baba yake alikuwa akishuka Korogwe kuuza viazi na kurudi na habari za treni. Aliahidi kumpeleka akaione. Mungu akamchukua kabla. Esteria hajapanda treni maisha yake yote.

"Sikujua kama unakumbuka, Baba Alen," akasema. Macho yamejaa maji.

Sikukumbuka. Sijui hata kama niliwahi kuambiwa. Nikaitikia kwa kichwa, polepole, kama mume bora.

Basi sasa lazima tupande treni. Ole wangu!

Jioni habari njema. Eliza kaja kwa kisingizio cha kuomba chumvi, akanong'ona kama anaweza kwenda nasi. Anasema mumewe anaendesha kama anamfukuza mwizi. Nimemkubalia papo hapo. Kwa hiyo Tobia atasafiri peke yake na masanduku yetu. Nimekula bada, ugali wetu wa muhogo, mara mbili kwa furaha.

Jumanne, 5 Agosti

Steshenari ya Mwajuma, pale karibu na soko. Kukata tiketi za treni ya Mombasa na Nairobi kwa mtandao. Mwajuma ni binti mwepesi wa vidole, lakini ana maswali mengi. Mara tarehe, mara namba za hati za kusafiria. Nikaona ananichelewesha. Nikamwomba anipishe kwenye kiti, nijaze mwenyewe.

Akasema, "Shikamoo baba, lakini angalia vizuri hapo kwenye vituo."

Salamu tulishapeana nilipoingia! Mtu akikuamkia mara mbili, ujue anakudharau kwa adabu. Nikamweleza kwamba mimi ndiye katibu wa kikundi cha wakulima wa peasi, na nimejaza fomu kabla hajazaliwa. Nikajaza. Mombasa hapa, Nairobi pale, majina matatu, bonyeza. Tayari!

Amezichapa kwa rangi. Esteria kaziweka ndani ya Biblia, na kila baada ya muda anaifungua. Tobia alipita akaona. Akaenda kupiga honi mbali kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti

Wasiwasi umeniingia. Je, kama treni nayo inayumba? Sijawahi kuipanda, nitajuaje?

Nimefanya jaribio. Jirani yangu Amiri ana toroli la kubebea karoti. Nikamwomba anisukume kuzunguka bustani yake, huku nimekaa nimetazama mbele kama abiria. Amiri ni mtu mwema. Aliuliza tu kama nimemwambia mke wangu. Nikamjibu hii ni kazi ya siri.

Mzunguko wa kwanza, salama. Wa pili, nikamwambia aongeze mwendo maana treni haitembei kama konokono. Wa tatu, nikahisi jasho la baridi. Wa nne, mchungaji akapita njiani.

Sikuweza kumsalimia. Nilikuwa nimeinama juu ya karoti za Amiri.

Mchungaji akataka kujua kuna nini. Amiri, ambaye hajui kudanganya, akasema mimi ni treni. Nikaongeza kwamba ni mazoezi ya igizo la vijana. Mchungaji kafurahi mno! Kaahidi kulitangaza Jumapili. Sasa natakiwa kuwa na igizo.

Amiri ameziosha karoti. Kisha akanipa kipande cha tangawizi nitafune. Kilisaidia kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Igizo limetangazwa. Nimekaa nyuma ya nguzo.

Jambo kubwa zaidi limejitokeza. Treni haiji Lushoto! Nililijua, bila shaka, lakini sikuwa nimelifikiria. Ili tufike kwenye treni Mombasa, lazima tushuke Mombo kwa gari. Kwa kona zilezile.

Nimekuja na dawa. Nimewaambia wote kwamba daktari mmoja kanishauri nitembee sana kabla ya safari ndefu, damu ichangamke. Kwa hiyo wao watashuka na Tobia, na mimi nitashuka kwa miguu kuanzia alfajiri, tukutane Mombo. Esteria akaniangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia babu zetu walishuka na mizigo kichwani, sembuse mimi na fimbo.

Tobia akacheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 13 Agosti

Mombo. Naandika nikiwa nimelala, miguu iko juu ya gunia.

Nilianza vizuri. Ukungu, ndege, hewa safi. Nikaimba tenzi. Nilipofika maporomoko ya Soni, magoti yalianza kuongea. Chini ya Soni yakawa yanapiga kelele. Kupanda mlima kunachosha mapafu, lakini kushuka, ndugu yangu, kunavunja mtu vipande. Kila gari lililopita lilipunguza mwendo na kuniuliza kama nimefiwa.

Noah ya Tobia ilinipita adhuhuri. Honi kwenye kila kona! Eliza alikuwa amefumba macho. Esteria alichungulia dirishani na kunipungia leso mpaka walipopotea.

Nimefika giza likiingia. Walikuwa wameshakula. Esteria alikuwa ameniwekea wali na maharage, na maji ya moto ya miguu.

Lakini sijatapika! Ushindi!

Alhamisi, 14 Agosti

Mombasa. Toka Mombo mpaka hapa tumekuja na Noah kwa kuwa barabara ni ya tambarare. Sikumbuki chochote. Kwa uchovu wa jana nililala kama gogo, wakaniamsha mpakani tu nigongewe muhuri. Afisa aliangalia picha, akaniangalia mimi, akauliza kama ninaumwa. Mji una joto la ajabu. Esteria hawezi kulala kwa kuiwaza kesho. Kapiga pasi gauni lake la kitenge mara mbili.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbaya. Niiandike haraka.

Tulifika kituoni mapema. Tobia akatusindikiza, masanduku yakiwa ndani ya gari lake. Nilitembea mbele, kifua nje, nikamkabidhi tiketi binti wa mlangoni. Akazisoma. Akazigeuza. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, mmetoka Nairobi?"

Nikasema hapana, tunakwenda Nairobi.

Akasema tiketi hizi ni za kutoka Nairobi kuja Mombasa. Kwamba treni yetu iko Nairobi, inatusubiri.

Nikasema ni hujuma. Nikaitaja mitandao, hali ya hewa, na ujana wa siku hizi. Binti akasikiliza yote, akatuomba tupishe foleni. Nilipogeuka, Tobia hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anamtazama dada yake.

Esteria alikuwa amekaa kwenye benchi na gauni lake lililopigwa pasi mara mbili, Biblia mapajani. Nikakaa kando yake. Sikuwa na uongo wowote karibu. Nikamwambia nimekosea. Akajibu kwa Kishambaa, maneno mawili tu, nisiyoyaandika.

Kisha akainuka, akaenda dirishani mwenyewe. Sikusikia alichosema. Nilimwona tu akiongea na karani kama anavyoongea na wateja wake wa maziwa kule nyumbani, bila haraka, mkono juu ya kaunta. Alirudi na tiketi za treni ya mchana. Mbili. Zilizobaki ni mbili tu.

Nikamshukuru Mungu, nikaanza kuvaa koti.

"Ni mimi na wifi Eliza," akasema. "Wewe utakwenda na Tobia."

Nikafungua mdomo kuanza kueleza kuhusu malaria. Akafungua mkoba, akanipa mfuko. Ndani limau, tangawizi iliyomenywa, na mifuko ya karatasi iliyokunjwa vizuri.

"Baba Alen, ulitapika nyuma ya gari la harusi yetu," akaniambia taratibu. "Pale Soni. Nilikuona. Tangu siku hiyo sijawahi kushuka Mombo bila mfuko huu. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Miaka yote! Na mimi nimemeza dawa za malaria bila malaria!

Jumamosi, 16 Agosti

Nairobi. Tumefika usiku wa jana na sikuwa na nguvu ya kushika kalamu.

Tobia hupita malori kama anayadai. Breki, mafuta, breki. Kabla ya Voi nilikuwa nimetumia mfuko wa kwanza. Baada ya Voi nikaacha kujificha. Akasimamisha gari kando, akanishika mabega nisiangukie mtaroni, akaninawisha uso kwa maji yake ya kunywa. Akasema, "Pole, shemeji. Kwa nini hukusema? Ningeenda taratibu." Na kweli, kuanzia hapo alikwenda taratibu, na hakupiga honi tena.

Moyo wangu ulilainika. Nikamwona ndugu.

Usiku huohuo kawahadithia walinzi wa nyumba ya wageni. Kwa vitendo.

Esteria na Eliza walitutangulia kufika. Esteria amenitumia picha njia nzima: udongo mwekundu, tembo kwa mbali, chai mezani. Katika moja Eliza kampiga picha akiwa amebandika paji la uso kwenye kioo, anacheka kama msichana wa Mgwashi. Nimeitazama picha ile muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Jumanne, 19 Agosti

Kisumu, kwa Secilia. Wanawake walikuja kwa treni tena, wamenogewa. Sisi kwa Noah, taratibu, na limau.

Sherehe ilifana. Samaki wakubwa kama watoto wa shule. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya ustaarabu wa reli, lakini Esteria alisimama kwanza. Akawasimulia treni tangu honi yake mpaka vikombe vyake. Akasema baba yake alimwahidi akashindwa, na mumewe aliahidi, akakosea kila kitu, lakini treni kaipanda. Kama mumewe asingeropoka siku ile uani, asingeipanda kamwe. Watu wakacheka na kupiga makofi. Akanishika mkono mbele yao.

Nikamwahidi sikioni kwamba tutarudi nyumbani pamoja kwenye Noah, polepole, na sitapanga kitu tena. Kwa moyo wangu wote!

Jumatano, 20 Agosti

Asubuhi nimetembea ufukweni, nikakutana na bwana mmoja mcheshi mwenye boti ya mizigo. Anapeleka bidhaa Mwanza. Anasema abiria wanakaa juu ya magunia, upepo mwanana, ziwa kama kioo. Sijawahi kupanda boti, lakini mtu mzima anajua maji ni laini. Kutoka Mwanza kwenda Lushoto nimepima kwa kidole kwenye ramani ya ukutani kwa Secilia. Ni karibu sana.

Nimeshampa bwana yule neno langu kwa watu wanne, na Noah ya Tobia tutaifunga juu ya magunia.

Nimewatangazia wakati wa chai. Esteria akaweka kikombe chini. Tobia akaweka chake. Eliza akatoka nje kabisa. Nadhani ni furaha imewazidi.