Beki Wetu Kachukuliwa na Taifa

Jumatatu, 6 Oktoba
Ligi imesimama tena, eti kupisha timu za taifa. Majanga! Sisi tunachungulia kaburi la kushuka daraja, na Wales wamemwita Iolo, beki wetu wa kushoto, mtu pekee klabuni anayejua krosi ni nini. Akirudi na goti bovu, tumekwisha. Shemeji Gwilym kapita na ile kofia yake ya mistari ya mashabiki wa Wales, anachekelea. Kasema nchi kwanza. Nikamuuliza hiyo nchi yake inacheza Jumamosi ngapi kwa mwaka. Kashusha kofia usoni, kaenda zake.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata dawa! Nani asiyejua kwamba klabu huwarudisha wachezaji wao kutoka timu ya taifa kwa "jeraha dogo", ambalo hupona siku ligi inaporejea? Kocha wetu muungwana mno, hawezi. Basi nimejitolea. Nimepiga simu redioni, kipindi cha mashabiki, nikabana pua, nikasema nimemwona Iolo akichechemea nje ya bucha. Mtangazaji kanishukuru: "Asante, Emlyn." Na jina sikutaja!

Alhamisi, 9 Oktoba
Taifa hawakubabaika. Iolo yuko kambini, buheri wa afya. Aliyeniamini ni mama yake, Nerys wa duka la chipsi. Mwanawe alipompigia kukanusha, akadhani anafichwa asipate presha. Akagawa nafasi yake kwenye basi la mashabiki, akakaa kumsubiri aletwe na magongo. Leo kaona picha za mazoezi, kijana anaruka kama mbuzi, na basi limeshajaa. Mechi ya kwanza ya mwanawe kwa taifa! Mke wangu hakupaza sauti. Kasema tu, "Utampeleka Cardiff mwenyewe, Emlyn. Na utaingia naye uwanjani." Mimi! Mechi ya taifa!

Ijumaa, 10 Oktoba
Ndiyo kwanza tumerudi kutoka Cardiff. Nilikaa kati ya Nerys na jitu lililochorwa nembo ya mahasimu wetu shingoni. Nikajiandaa kusinzia. Ukapigwa wimbo wa taifa, halafu muziki ukanyamaza katikati, na watu wakaendelea wenyewe. Maelfu! Wazee, watoto, yule hasimu, wote sauti moja. Sijasikia kitu kama kile tangu nizaliwe. Nywele zilinisimama. Iolo yuko kwenye mstari, kidevu kinamcheza, kijana yule yule aliyevunja dirisha langu kwa mpira. Nerys akaubana mkono wangu hadi pete ikazama kwenye nyama. Nikajikuta naimba. Maneno yote nayajua! Hasimu akanikumbatia, nami nikamkumbatia. Ee Mungu, kilikuwa nini kile? Matokeo siyakumbuki. Sare, nadhani.

Jumamosi, 18 Oktoba
Ligi imerudi! Hewa safi! Ila Iolo kacheza ovyo. Mapema tu kampasia mshambuliaji wao, goli. Nikapanda juu ya kiti: "Muuzeni! Nguvu zote kawaachia Wales!" Jukwaa likashangilia. Mara Nerys, aliyekuwa safu ya nyuma, akaniinamia sikioni, akauliza kwa upole kama si mimi yule mwanamume aliyelia kama mtoto kule Cardiff. Nikamwambia ile ilikuwa mvua. Akasema tulikaa chini ya paa. Nikasema paa linavuja. Alikuwa bado ananitazama, Iolo akapoteza mpira tena. Nikasimama.

"Muuzeni!"