Shamba Lililogeuzwa kwa Pini

Siku Mzee Nyasani aliponung'unika sokoni Nyansiongo kwamba chemchemi iko upande wa jirani, hatua chache tu nje ya mpaka wake, wengine walisikia malalamiko ya mzee. Onchiri alisikia mtamba akilia zizini kwa mzee.

Na Onchiri alimhitaji mtamba kweli. Baba yake Nyanchera, mchumba wake, kule Sironga, alikuwa amepokea ng'ombe wote wa mahari isipokuwa mmoja, na siku hizi alikuwa ameanza kumkaribisha chai mwalimu fulani mwenye baiskeli.

Mashamba ya skimu, yaliyogawiwa wananchi, yalikuwa bado mapya. Mzungu alikuwa ameondoka, na Serikali ikalikata shamba lake kwenye ramani kabla ya kulikata ardhini, kwa hiyo watu walizoea kuamini karatasi kwanza, udongo baadaye. Onchiri aliwahi kuwavutia wapima ardhi mnyororo wao wa kupimia msimu mmoja. Akatoka huko na nakala ya ramani, karatasi nyepesi inayoonyesha kilicho chini yake, na kofia. Kofia ndiyo iliyomfanya mtaalamu.

Jioni hiyo aliikunjua ramani mezani kwa Nyasani, akaitandaza ile karatasi juu yake, akalinakili shamba la mzee kwa penseli. Kisha akachoma pini katikati na kuizungusha karatasi polepole. Shamba likageuka. Mkia wake wa chini ukatambaa hadi ukaimeza chemchemi.

"Lililala vibaya tu, mzee," alisema kwa upole wa daktari. "Hata mtu hulala akageuka."

Nyasani, ambaye siku ya Sabato hakuwasha hata moto wa chai, aliuliza kama hiyo si dhambi. Onchiri alivua kofia, akafikiri kwa heshima yote. Dhambi, alieleza, ni kuchukua shamba la jirani. Hapa hakuna anayechukua. Shamba linajigeuza lenyewe. Ofisini kwa wapima watainakili karatasi hii tu, yeye anawajua. Moyo wa mzee ukatulia, na mtamba akatajwa kuwa malipo.

Lakini kwao ng'ombe hatoki zizini kimyakimya, kesho isije ikasemwa aliibwa. Ni lazima majirani waone. Basi Nyasani akawaita, na kwa furaha yake akamwita hata Bosibori, mjane mwenye chemchemi, ili asikie mwenyewe kwamba kuanzia sasa atateka maji kwingine.

Bosibori alifika na mtungi wake kichwani. Aliomba aonyeshwe. Onchiri akazungusha karatasi, majirani wakaguna kwa mshangao.

"Vizuri," Bosibori alisema. "Sasa nakili na langu, uligeuze vilevile."

"Ya nini, mama?"

"Kwani pini yako inajua mashamba ya wanaume peke yake?"

Watu wakacheka. Onchiri hakuwa na njia. Akalinakili, akachoma pini, akazungusha. Mkia wa shamba la mjane ukakimbilia mbali na maji. Kichwa chake, huko juu kilimani, kikaja upande wa pili na kulala juu ya nyumba ya Nyasani, choo chake, na zizi.

Nyasani aliitazama ramani kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake.

"Mwanangu Onchiri," Bosibori aliuliza taratibu, "hii karatasi ni ya kweli, ama twende kwa chifu atusomee?"

Onchiri alipima haraka. Akisema ni ya uongo, atalala korokoroni. Akisema ni ya kweli, zizi ni la mjane na mtamba yumo ndani.

"Ni ya kweli, mama."

"Basi ng'ombe wangu amenona."

Mzee akaanza kumsihi Onchiri airudishe ramani ilivyokuwa. Onchiri, roho ikamrudia, akasema kazi ya kugeuza upya nayo ina mtamba wake.

"Yupo," Bosibori alidakia, "ila nyumba unayoigeuza sasa ni yangu. Ruhusa ni mimi ninatoa, na malipo yake ni huyo."

Nyasani alikubali mtamba aende. Aliing'oa pini kwa mkono wake, akaichanachana karatasi, akaitia motoni. Mbele ya majirani wote mtamba akatolewa zizini kihalali kabisa, akakabidhiwa mjane.

Mtamba akagoma kushuka kilima. Bosibori alishika kamba mbele, mtungi haujatikisika kichwani, akamwomba mtaalamu amsaidie kidogo. Onchiri akavua kofia, akainama nyuma ya mahari yake, akaisukuma mpaka kwenye chemchemi.