Kipima Mvua Kilichoshika Sabato

Alhamisi, 6 Aprili 1972. Kebirigo.

Likizo, na Daktari Onsongo amerudi! Si daktari wa sindano. Alisomea uhandisi wa maji na udongo ng'ambo mpaka akapata udaktari. Sasa chuo kikuu kimempa kazi ya utafiti ya miaka miwili: apime jinsi mvua inavyochukua udongo wa mashamba ya chai. Asipogundua kitu, nafasi anapewa mwingine. Mama anamkumbuka akichunga mbuzi hapa hapa, suruali imefungwa kwa kamba ya mgomba. Amesimika kipima mvua shambani kwetu. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Msomaji hodari atampeleka chuoni kuiona maabara. Maabara! Nilijitolea kabla hajamaliza kusema.

Ijumaa, 7 Aprili.

Balaa. Kesho Sabato, na sisi ni Wasabato. Mama amesema kusoma vipimo ni kazi, nisithubutu. Thadeus, jirani yetu Mkatoliki, ameshanusa. Eti Jumamosi yeye hana shughuli. Hapana! Maabara ni yangu. Nimetafakari: amri inampumzisha hata ng'ombe. Basi na kipima mvua kipumzike. Kabla jua halijazama nimekifunika kwa sufuria, jiwe juu. Hakitaingia tone. Nitaandika sifuri, na sifuri itakuwa ya kweli. Mwalimu wetu wa sayansi angejivunia.

Jumamosi, 15 Aprili.

Sabato ya pili. Mvua mchana kutwa. Harufu ya udongo ilinikumbusha nyanya yangu marehemu, na wimbi lake, nafaka ya uji, lililoota hapa kabla ya chai. Alikuwa akinusa upepo tu, kisha anatuamuru tuanue wimbi upesi. Hakuhitaji chombo. Nilitamani awepo. Jua lilipozama nikafunua, nikaandika sifuri. Thadeus alichungulia juu ya ua, akauliza kama mawingu nayo yamebatizwa. Nikamwambia hajui sayansi.

Jumapili, 30 Aprili.

Daktari amekuja. Alisoma vipimo vyangu, akaruka. Jumamosi nne, sifuri tupu! Akasema jambo hili halijapata kuonekana duniani. Chuo hakina budi kumwongezea miaka. Mama akaleta uji, akasema kwa upole kwamba jana mvua ya mawe ilipiga mabati ya kanisa hata mhubiri akakata tamaa, akakaa.

Wakanitazama. Nikaeleza.

Daktari alicheka mpaka machozi, akayafuta. Akasema marehemu mama yake alikuwa akimfichia filimbi ya kuchungia kila Ijumaa jioni asifanye kazi siku ya Sabato, na leo angetoa chochote afichiwe tena. Lakini, akaongeza, ningemwambia tu tangu mwanzo, tungekuwa wasomaji wawili. Amerudi chuoni bila ugunduzi. Thadeus atasoma Jumamosi, na maabara ataiona yule ambaye hatakosa siku hata moja. Thadeus amekenua meno yote.

Nimewaza sana. Nimeona kosa lilipo: Thadeus ni Mkatoliki. Kesho nampelekea kitabu cha nyimbo na ndizi mbivu, kwa upole. Akibatizwa kwetu, naye Jumamosi hatagusa kitu.