Picha Nzito Haipiti

Mwaka 2013, wafanyabiashara wote wa Kasese na Bwera walitangaziwa kwamba tovuti ya ofisi yao ya masoko imepata ulinzi wa kisasa: faili yoyote inayozidi nusu megabaiti haitapita. Aliyetia sahihi ni Enoka, kaimu mkurugenzi. Zamani alisimamia mizani ya malori barabarani, na hakuona kwa nini intaneti iwe na desturi nyingine.

Wa kwanza kukwama alikuwa Aminah, muuza vitunguu wa Bwera, aliyeomba kibanda katika soko jipya. Picha ya meza yake ilikataliwa.

"Umepakia kupita kiasi," Enoka akamwambia. "Punguza vitunguu."

Natukunda, mtunza tovuti, akakohoa. "Mzee, vitunguu haina shida. Niongeze tu kikomo?"

"Kikomo hakiguswi bila kikao cha kamati!"

Aminah akarudi Bwera, akaondoa vitunguu vyote, akaleta picha ya meza tupu. Ikakataliwa. Enoka akaikagua kwa huruma ya mtaalamu.

"Meza ya mvule hiyo. Mbao nzito sana."

Ikafika siku ya kufunga maombi ya ukurugenzi kamili, cheo alichokiota hata akiwa macho. Enoka akapakia picha yake: suti ya vipande vitatu, tai, viatu vinavyong'aa. Tovuti ikaikataa. Akamgeukia Natukunda.

"Ongeza kikomo!"

"Kamati yote iko kwa mazishi, mzee. Na jioni hii maombi inafungwa."

Basi akavua koti, akapigwa picha nyingine. Ikakataliwa. Akavua tai, kizibao, viatu, hatimaye shati. Aminah, aliyekuwa benchini na picha yake mpya, akageuza uso.

"Muzee, mimi nilitoa vitunguu tu."

Simu nzuri ya ofisi ikaisha chaji. Natukunda akachukua yake, ndogo ya zamani yenye kamera ya ukungu, akampiga picha akiwa na fulana iliyotoboka kwapani. Picha ikapita mara moja.

"Mmeona?" Enoka akapaza sauti, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Ilikuwa shati!"

Kamati iliporudi ilikuta picha za waombaji wote zimepangwa kwenye tovuti, hadharani, kama taratibu za Enoka mwenyewe zilivyotaka. Wajumbe waliitazama ile ya mwisho kwa muda mrefu, na baadhi yao walisikitika kweli. Ukurugenzi ukaenda kwa mama mmoja wa Bulembia, ambaye siku hiyo hiyo aliongeza kikomo, na vitunguu vya Aminah vikapita na majani yake. Kuhusu Enoka, ulipitishwa uamuzi wa dharura, bila kupingwa: atafutiwe shati.