Geti la Chuo Limehamia Mashariki

"Imekula kwako, Breki! Geti limehama!"

Tijani alianza kupiga kelele akiwa bado ng'ambo ya barabara. Pale mgahawani, katika mji wa Ain Remla, hakuna aliyemwita Tijani. Walimwita Redio, kwa kuwa hazimiki wala betri haimwishii. Mzee Lazhar, yaani huyo Breki, alikuwa ameinua karata aishushe mezani. Ikabaki hewani.

"Geti gani?" aliuliza, ingawa moyo ulishamwambia.

"Geti la chuo, gani jingine? Ramani mpya imetoka, hii hapa kwenye simu. Chuo kinapanuka kwenda mashariki. Maktaba mashariki, maabara mashariki, mabweni mashariki. Huko kwako magharibi wameandika neno moja tu."

"Wameandikaje?"

"'Upepo.' Na mshale."

Mosbah alicheka mpaka shisha ikampalia. Huyu walimwita Waziri, maana alikuwa tarishi kwenye ofisi ya gavana maisha yake yote, na alipostaafu aliondoka na lugha ya ofisi nzima.

"Serikali imetafakari kwa kina," alisema akipangusa machozi, "ikaona wewe upewe upepo."

Breki hakucheka. Tangu chuo kile kifunguliwe, kikiwa na majengo mawili na ukuta mrefu kuliko elimu iliyomo, mji mzima ulikuwa unabashiri kitakua kuelekea wapi. Yeye aliuza teksi yake, ile ambayo hakuna abiria aliyewahi kumwona akiikanyagia breki, akajenga nyumba ya vyumba vya wanafunzi kwenye mawe ya magharibi. Bangili za mkewe Mabruka ndizo zilizogeuka vigae vya sakafu. Na yote hayo kwa neno la abiria mmoja.

"Hivi yule abiria aliyekwambia geti litatazama magharibi alikuwa nani?" Redio alichokoza.

"Mtu wa wizara."

"Ulijuaje?"

"Alivaa tai."

"Hata bwana harusi huvaa tai, mzee!"

Walimcheka bila huruma, maana Redio na Waziri walikuwa na viwanja vyao mashariki, kimoja kinapakana na kingine. Breki aliagiza chai nyingine na hakuinywa. Alikuwa anafikiria jinsi ya kumwambia Mabruka.

Hapo ndipo gari dogo jeupe liliposimama. Akashuka mwanamke kijana, miwani kichwani, bomba la karatasi kwapani.

"Salaam alaikum, baba zangu. Mimi naitwa Olfa, nachora mpango wa chuo. Tulikuwa tuwasikilize wananchi kwenye ukumbi wa manispaa, nikakuta kuna harusi. Bibi harusi mwenyewe kaniambia wenye maoni wote wanakaa hapa."

"Hakukosea," alisema Waziri, akijinyoosha shati. "Karibu kwenye kikao."

Karata ziliondolewa, ramani ikatandazwa, vikombe vikawekwa pembeni isijikunje. Waziri akaanza kupongeza. Alipongeza mashariki, akapongeza jua linalotoka huko, akashauri barabara ipinde kidogo, hapa, ipite mbele ya kiwanja fulani cha mwananchi mmoja mzalendo.

"Mwananchi gani?" Olfa aliuliza.

"Hapendi kutajwa."

Breki alihisi damu inampanda. Akasimama.

"Binti, usiwasikilize hawa. Mashariki ni mkondo wa maji!"

"Wa maji?" Redio aliruka. "Kule hata mjusi anatembea na kibuyu!"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa. Lile korongo lilifurika, binti, maji yakaja rangi ya kahawa, yananguruma. Yakabeba milango. Yakabeba zizi zima na kondoo wake wanaliliana."

Olfa alitoa kalamu ya bluu. Breki alipoiona kalamu, ulimi ukakosa breki kama lile gari lake.

"Yalimbeba punda! Punda mzima, na mzigo wake wa kuni, kasimama wima kama nahodha. Akapita hapa sokoni, watu wanampungia mkono, akaenda mpaka kule magharibi, akatua kwenye mawe. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfungua kamba!"

"Kwenye mawe yapi, ami?"

"Pale pale nilipojenga!"

Olfa aliinama, akapaka bluu mashariki yote, akaiburuta kalamu kupitia sokoni, akaimalizia magharibi, juu kabisa ya nyumba ya Breki.

"Basi kote huku ni hatari," alisema kwa upole. "Hapajengwi chochote."

Waziri alishika kichwa. "Breki! Umetuzamisha wote!"

"Mzee, sema ukweli, nakuomba," Redio alisihi, sauti imemshuka kwa mara ya kwanza tangu wamjue. "Kile kiwanja ni cha binti zangu. Mke wangu ataniua."

Breki aliitazama ile bluu. Ilimpitia fikra mbaya: wazame tu, wasimcheke tena. Kisha akamtazama Redio, akamwonea huruma. Alijua anavyojisikia. Yeye alikuwa na hali hiyo hiyo tangu habari ya ramani ifike.

"Binti, futa," alisema. "Ni kamba nimekupiga. Mvua ilinyesha, viatu vikalowa, basi."

"Na punda?"

"Punda alikuja kwa miguu yake."

Olfa alicheka, akakunjua karatasi ya pili. "Ami, kila mji ninaokwenda kuna mafuriko yanayoanzia kwenye kiwanja cha jirani. Ile bluu ni ya karatasi ya kuchezea. Na hiyo ramani inayozunguka kwenye simu mtu kairusha bila ruhusa, sisi tuliikataa. Mpango wenyewe huu hapa: chuo hakitoki nje ya ukuta. Ndani bado ni jangwa, mwanafunzi anavuka vumbi tupu kutoka darasani kwenda chooni. Tutajaza humo kwanza. Hilo tu litatuzeesha sote."

"Hata mashariki?" aliuliza Waziri kinyonge.

"Wala mashariki."

"Kinachoniumiza mimi ni vyumba," Olfa aliendelea. "Wanafunzi wanalala mji wa pili, wanakuja kwa basi alfajiri. Hivi ami, hiyo nyumba yako ina watu?"

"Haina. Sijakanyaga kule tangu kupaka rangi. Walikuja wasichana fulani kuulizia, nikawafukuza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasubiri geti."

Breki aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaona aibu, akatoa simu upesi. Simu ile ilikuwa ya spika kubwa, ukipigiwa unapigiwa na mgahawa mzima.

"Mabruka! Chukua funguo za ile nyumba, twende tukafungue, tunapangisha leo leo!"

"Funguo wanazo wenyewe," ilijibu sauti ya mkewe, huku kitunguu kikichachatika kwenye mafuta.

"Wenyewe akina nani?"

"Wale wasichana uliowafukuza. Niliwakuta njiani wanalia, nikawarudisha. Wameleta na wenzao, vyumba vimejaa tangu vuli. Nilikwambia mara mbili, ukasema nisikukatize, unapanga chuo."

Mgahawa ulilipuka kwa kicheko. Waziri alipiga meza, vikombe vikaruka, na Olfa alijifunika uso kwa ramani. Breki akasimama, akajifunga vifungo vya koti, akachana nywele kwa vidole.

"Unakwenda wapi, mwenye nyumba?" Redio aliuliza.

"Kwangu."

"Lazhar!" sauti ya Mabruka iliita tena kwenye simu, kabla hajakata. "Ukienda kule, upige hodi. Wako kwenye mitihani."