Mdomo Usiomo kwenye Tangazo

Jumatatu, 16 Juni

Ziwa bado limefungwa kwa wavuvi. Na Mzee Nasiri, baba yake Tahira, kasema atakuja kwangu Jumapili kula mukeke, yule samaki wa ziwani, kabla ya kujibu posa yangu. Mukeke! Wakati huu! Feruzi, aliyepeleka posa yake pia, kacheka mpaka kakaa chini. Nikaenda sokoni kusoma tangazo. Limekataza nyavu, ndoano, mitumbwi na taa. Mdomo wa ndege haumo.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki. Nimemfunga kamba shingoni ili asimeze. Nilipomweleza mpango, akaniuma pua. Majini alizama, akaibuka na samaki, akammeza. Kamba ililegea. Nimeikaza. Sasa na kidole kinavuja damu.

Alhamisi, 19 Juni

Mnandi hataki tena maji. Kagundua ndagala, dagaa wa jirani yangu, Mama Ernestina, walioanikwa mchangani. Aloane kwa nini? Mama Ernestina kamwita mkubwa wa mtaa. Nikaapa mbele yao kwamba ndege huyo simjui. Ndege akaja, akasimama juu ya mguu wangu. Adhabu yangu: nafagia soko siku mbili.

Jumamosi, 21 Juni

Alhamdulillahi! Mnandi katua mlangoni na mukeke mzima mdomoni. Kamba imefanya kazi. Samaki ni mkavu kidogo na ananuka moshi, lakini jua la wiki hii ni kali, huenda limefika hata chini ya maji. Karibu na mkia kuna tundu la mdomo. Nimeliziba kwa kitunguu.

Jumapili, 22 Juni

Mzee alikula nusu. Akauliza nimempata wapi. Nikasema ziwani, kwa njia halali. Akampigia Tahira simu, akamwambia aangalie wale mukeke watatu aliowakausha kabla ziwa halijafungwa, wanaoning'inia juu ya jiko. Wamebaki wawili. Na dirishani kuna manyoya meusi. Mzee akamaliza samaki wake, akanawa, akasema amemkubali Feruzi. Nimelia, sifichi. Tahira nampenda tangu shule ya msingi.

Jumatatu, 23 Juni

Arusi ni mwezi ujao, ziwa likiwa bado limefungwa, na Mzee anatafuta mukeke wa wageni mia mbili. Mtu akiiokoa arusi, huenda baba akabadili bwana arusi. Nimerudi kusoma tangazo, safari hii mara tatu, nikiwaza mnyama mwingine anayekamata samaki.

Fisi maji hayumo.