Kampuni ya Uyoga

Jumatatu, 28 Agosti

Nimetoka semina ya wajasiriamali, ukumbi wa manispaa, Võru. Mkufunzi kasema nchi tajiri haibaki tajiri kwa bahati. Inakua kwa sababu wapo watu wanaobuni kitu, wanafungua kampuni, wanaajiri wenzao. Halafu akaniangalia mimi. Nimeshtuka! Uchumi wa Estonia umenisubiri miaka hamsini na miwili na hakuna aliyeniambia.

Nilipomweleza mke wangu Reet, akajibu uchumi usubiri tena kidogo, kuni hazijapasuliwa.

Jumatano, 30 Agosti

Mshtuko mwingine. Mama mkwe, Bi Hilja, ana miaka themanini na mmoja na magoti yamemshinda. Ana mahali pake msituni pa uyoga wa manjano, alipoachiwa na mama yake, naye aliachiwa na mama yake. Hapa kwetu mtu atakuazima gari, hata trekta, lakini mahali pake pa uyoga hakutajii. Marehemu baba mkwe alikufa akiuliza.

Leo kaniita mimi nimbebee kikapu. Mimi! Njiani kaniapisha kwa kaburi la mumewe. Akasema, "Mkwe, ukifunga mdomo, pale ni penu wewe na Reet. Ukiufungua, nitakwenda napo kaburini." Tukavuka kinamasi, tukaingia kwenye misonobari. Uyoga umetapakaa kama mtu kamwaga mahindi. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimefungua kampuni. Kadi ya kitambulisho kwenye kompyuta, robo saa, basi. Chai ilikuwa haijapoa. Nawauzia watu wa mjini ramani za mahali pa uyoga. Kwa sasa ramani ni moja.

Kiapo nilikifikiria sana, karibu dakika nzima. Ila nilipoapa, kampuni ilikuwa haijazaliwa. Huwezi kuibebesha maneno ya mtu mwingine.

Jumamosi, 2 Septemba

Magari thelathini na mawili! Nimeyahesabu mwenyewe asubuhi, yamepangana kando ya msitu. Watu wa Tallinn, watu wa Tartu, wamekuja na ndoo. Kufikia saa tatu haukubaki uyoga hata wa kujaza kijiko, na chini pamechimbuliwa kama wamepita nguruwe. Mzee mmoja kaniambia nimpishe, yeye kalipia. Moyo uliniuma. Reet amekula uyoga huo tangu utotoni.

Kisha akatokea jirani yetu Salme, ambaye hajasalimiana na mama mkwe tangu mwaka 1984. Kikapu kitupu, machozi yanamtoka. Akawa anauliza kila mtu ni nani kauza mahali pake. Pake? Mdomo wangu ulibaki wazi.

Jioni sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, kama kila Jumamosi. Humo ndani hatugombani, ni desturi. Mama mkwe akayamwagia mawe ya moto maji mpaka masikio yakaniwaka. Tulipotoka tu akakaa kwenye benchi na glasi ya maziwa mgando, akakiri kwamba pale ni pa Salme, alipajua zamani kwa kumvizia. Alinipeleka kunijaribu. Akasema alinipa wiki moja, nami sikumaliza hata siku mbili. Nikamweleza habari za ukuaji wa taifa. "Taifa na likue, baba," akasema, "ila si ndani ya kikapu changu." Mahali pake halisi atamwonyesha Reet peke yake. Mimi nisikanyage.

Jumanne, 5 Septemba

Nimeifunga kampuni. Salme kanikuta dukani, kanipiga kwa kikapu mbele ya mikate yote. Nimeshtuka jinsi kikapu kitupu kilivyo kizito.

Mchana nikajificha kwenye banda la kuni, nikalia. Reet kanihurumia. Jana mama yake alimpeleka. Kaninong'oneza mahali penyewe, kwa sababu, alisema, mke na mume hawalali na siri katikati. Akanishika mkono. "Heldur, Mama hana kitu kingine cha kutuachia. Ni hicho tu." Nimeapa, safari hii kwa kaburi la mama yangu mzazi.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimeligundua kosa langu! Siri haziuzwi. Siri zinatunzwa. Ni wazee wangapi nchini wanaokufa bila kumwonyesha mtu mahali pao pa uyoga? Hasara kwa taifa zima. Kampuni mpya, robo saa: unaniandikia siri yako, naihifadhi salama mpaka warithi wako waitake.

Hadi adhuhuri hakuna aliyeniandikia. Watu wa nchi hii hawaaminiani, inasikitisha. Wateja wanahitaji mfano. Basi nimeweka kwenye tangazo siri moja ya kweli, na ramani yake, wajionee jinsi ninavyotunza vizuri. Saa moja tu, watu mia nne wameshalisoma.

Reet kaingia, simu mkononi, uso mweupe. Kakusanya vikapu vyote vya nyumbani, kamshika mama yake kwapani, wakaingia garini na kuondoka kwa kasi kuelekea msituni. Bi Hilja hata koti hakuvaa, na magoti yale.

Nimeshtuka mno. Kampuni ina saa tano tangu izaliwe, na tayari imewapatia watu wawili kazi.